Gharama ya Kisukari Katoro: Pesa Itangulie Wapi

Katoro ni mji wa watu wasio na nafasi. Unaukuta ukitoka Geita kuelekea Chato au Biharamulo, umeungana na Buseresere kiasi kwamba mgeni hawezi kujua wilaya moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Muuza vitenge anafungua mapema, mama ntilie ameshawasha moto tangu saa 10 alfajiri, dereva wa bodaboda halali mpaka abiria waishe, na vijana wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Lwamgasa na Nyarugusu wanaweza kushinda chini bila kuonja kitu. Kisukari kikimpata mtu wa maisha ya namna hii, hakimkuti na ratiba. Anajitibu kwa hela iliyopo mfukoni siku hiyo: mauzo yakiwa mazuri ananunua dawa za wiki, mauzo yakilala, na dawa inasubiri.

Hapo ndipo pesa nyingi inapopotelea. Dawa iliyo rahisi ukiipima kwa hela ya leo, mara nyingi ndiyo ghali ukiipima kwa mwezi, na ghali zaidi ukiweka na siku za kazi zilizopotea. Kwa hiyo katika makala haya nitapima kila kitu kwa mwezi na kwa siku ya kazi: vidonge, mashine ya kupimia, insulini, mahali pa kutibiwa, chakula, na mwisho miguu, ambayo watu huisahau mpaka inapooza. Bei nitakazotaja za dukani ni za kupigia hesabu tu. Weka mahali pake bei uliyoambiwa wewe, hesabu itabaki ile ile.

Hesabu za gharama za kisukari nchini mwetu hazikuanza leo. Mwaka 1992 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Dar es Salaam ulioandikwa na Chale, Swai, Mujinja na McLarty. Waliona kwamba katika mwaka wa 1989 hadi 1990 mgonjwa anayetumia insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na asiyetumia insulini dola 103. Kwa mtu wa insulini, zaidi ya theluthi mbili ya gharama za kutibiwa bila kulazwa zilikwenda kwenye insulini yenyewe. Hizo ni gharama za matibabu tu. Siku ambayo meza ya biashara haikufunguliwa, hakuna aliyeiandika.

Wakati huo ugonjwa wenyewe ulionekana wa wachache. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ukachapishwa 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa umri mmoja, hivyo haziwekwi kwenye mzani mmoja moja kwa moja, lakini zinatosha kumwondoa mtu kwenye fikra kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Vidonge: vikubwa na vidogo

Simama jioni kwenye kaunta ya duka la dawa na usikilize. Mzee mmoja anaingia, buti la mpira limeganda udongo mwekundu mpaka kifundoni. Muuzaji, binti wa umri wa wajukuu zake, anamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe zile za sukari, za elfu moja."

"Zipi babu? Zile kubwa za asubuhi na jioni, au zile ndogo?"

"Zile ndogo. Zile kubwa zinanivuruga tumbo."

"Umeshakula lakini?"

"Nitakula nikifika."

Katika maneno hayo machache mna gharama mbili ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. "Zile kubwa" kwa kawaida ni metfomini. "Zile ndogo" mara nyingi ni glibenklamaidi. Zote mbili ni dawa za zamani, zote zina matoleo ya bei nafuu yasiyo na jina la kampuni kubwa, na zote hushusha sukari. Tofauti yake iko kwenye njia ya kushusha. Metfomini ikitumiwa peke yake si kawaida kumwangusha mtu kwa sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Mtu aliyemeza asubuhi akaingia duarani bila kula, au akashika pikipiki kwenda Geita na kurudi tumbo tupu, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kuanguka. Kwenye machimbo dalili hizo huchukuliwa kuwa ni pombe, na mgonjwa anaachwa alale "zimtoke". Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenklamaidi haiwafai watu wenye zaidi ya miaka 60. Dawa ya kundi hilo hilo inayopendekezwa sasa ni gliklazaidi, ambayo hatari yake ya kuangusha ni ndogo zaidi.

Kwa hiyo, ukilinganisha kwa macho ya mtu wa Katoro anayekula saa isiyojulikana, metfomini ndiyo ya kwanza, ilimradi daktari ameridhika na figo zako. Tumbo kuvurugika ni kweli, lakini kuna dawa yake: anza na kidonge kimoja cha miligramu 500, kimeze katikati ya chakula, panda polepole kwa wiki kadhaa. Wengi tumbo linatulia. Likikataa kabisa, ipo metfomini inayoyeyuka polepole, ya kumeza mara moja kwa siku pamoja na chakula cha jioni. Ni ghali kuliko ile ya kawaida. Nadhani kwa mama ntilie ambaye asubuhi yake ni moto na masufuria, na ambaye dozi ya asubuhi humponyoka mara nyingi, nyongeza hiyo ya bei ina maana. Kidonge cha bei rahisi kilichobaki kwenye pakiti hakijamsaidia mtu. Kama dozi zako mbili hazikupotei, usilipe zaidi.

Sasa ile "ya elfu moja". Mgonjwa wa vidonge 2 kwa siku anahitaji vidonge 60 kwa mwezi. Tuseme dukani kidonge kimoja kimoja kinauzwa shilingi 150: mwezi ni shilingi 9,000. Tuseme boksi la vidonge 100 ni shilingi 10,000: kila kidonge kimekuwa shilingi 100, na mwezi ni 6,000. Tofauti ni shilingi 3,000 kwa mwezi, shilingi 36,000 kwa mwaka, kwa dawa ile ile. Katika mpango wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, mchango wa mwaka wa kaya nzima ya watu 6 uliwekwa shilingi 30,000. Yaani anayenunua kwa vipande anaweza kulipa, kama faida ya muuzaji, zaidi ya mchango wa mwaka wa familia yake. Asiyeweza kutoa elfu kumi kwa mpigo anaweza kuingiza dawa kwenye kikoba chake kama anavyoingiza ada ya shule; vikundi vingi vya akina mama vina mfuko wa jamii kwa ajili ya shida za namna hii.

Kuhusu jina la kampuni, sioni sababu ya kulipia Glucophage kama metfomini isiyo na jina imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, tarehe yake haijapita, na imekaa kivulini. Pakiti iliyoanikwa juani kwenye meza ya mnada iache hata wakikupa bure.

Mashine ya sukari

Hapa wafanyabiashara wanajua kuuza. Mashine inauzwa bei nzuri, wakati mwingine inatolewa karibu bure, kwa sababu faida iko kwenye vijiti vya kupimia, na kila mashine inataka vijiti vyake. Kabla ya kununua uliza jambo moja: vijiti vya mashine hii vinapatikana Katoro, na vikiisha hapa, Geita mjini vipo? Mashine nzuri aliyokuletea ndugu kutoka Ulaya, ambayo vijiti vyake havipatikani huku, itaishia kabatini.

Tuseme boksi la vijiti 50 ni shilingi 40,000. Kila tone la damu limekugharimu shilingi 800. Ukipima mara 2 kila siku, mwezi ni shilingi 48,000, mara kadhaa ya gharama ya dawa yenyewe. Je, unahitaji? Mtu wa insulini anahitaji kupima mara kwa mara, na huko usibane. Lakini mtu wa metfomini pekee ambaye hali yake imetulia hana faida kubwa ya kujitoboa kidole kila siku. Mimi ningemshauri apime kwa kusudi: siku chache mfululizo dawa ikibadilishwa, akiugua malaria au homa, na wiki moja kabla ya kliniki, asubuhi kabla ya kula na saa 2 baada ya mlo. Daktari akiiona karatasi hiyo atajua mengi kuliko kipimo kimoja cha siku ya kliniki, ambacho wengi tunakishusha kwa kufunga kula siku mbili kabla.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7 mmol/L au zaidi katika vipimo viwili vya siku tofauti, ni kisukari. Kwa anayetibiwa, wengi hulenga iwe kati ya 4 na 7. Chini ya 4 ni hatari ya papo hapo. Kipo pia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hakipo kila kituo, na kinagharimu zaidi, lakini mara 2 kwa mwaka kinafaa kuliko mamia ya vijiti vilivyotumika ovyo, na hakidanganyiki kwa kufunga.

Vijiti vya mkojo ni rahisi sana, na vinauzwa sana. Kasoro yake ni kwamba sukari haionekani kwenye mkojo mpaka ifike karibu 10 kwenye damu, na ikishuka havitakuambia lolote. Vitumie kuangalia protini, ambayo ni dalili ya figo kuanza kuumia. Kwa kufuatilia sukari, hapana.

Insulini

Chupa ya kawaida ya insulini ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100; jumla yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 30 kwa siku chupa itamfikisha siku 33. Kalamu, au vichupa vya kuweka kwenye kalamu, huwa na mililita 3, yaani yuniti 300: siku 10 tu kwa mtu yule yule. Kwa hiyo unapoambiwa bei ya kalamu, izidishe kwa 3 na zaidi kidogo kabla hujailinganisha na chupa. Kalamu ni rahisi kubeba, haimkoseshi asiyeona vizuri alama ndogo, na inafaa kwa mtu anayechoma sokoni. Lakini kama unalipa mwenyewe, chupa na bomba la sindano la insulini zinafanya kazi ile ile. Hakikisha bomba lako ni la alama za yuniti 100. Ukilitumia la alama za 40 kwa insulini ya 100, utachoma mara mbili na nusu ya dozi.

Wapo wanaotumia yuniti chache, tuseme 12 kwa siku. Kwao chupa ingedumu zaidi ya miezi 2 na nusu, na kishawishi cha kuimalizia ni kikubwa. Chupa ikishafunguliwa hutumika kwa wiki 4 hadi 6 kulingana na maelezo ya mtengenezaji, kisha inatupwa. Kwa mtu huyu vichupa vidogo vinaweza kuwa nafuu kuliko chupa kubwa, kwa sababu hatupi nusu ya pesa yake. Ni miongoni mwa sehemu chache ambako kile kinachoonekana ghali ndicho rahisi.

Na friji? Wengi hukataa insulini kwa sababu nyumbani hakuna friji au umeme haueleweki. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, kwenye joto kali kuliko letu. Insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Chupa ambazo hujafungua zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na hizo zinaweza kubaki famasi au kituo cha afya ukichukua moja moja. Ile unayoitumia itunze kwenye chombo kilichofunikwa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kona yenye kivuli. Usiiweke juu ya kabati chini ya bati, wala kwenye sanduku la pikipiki, wala kwenye sehemu ya friji inayogandisha. Iliyoganda haifai tena.

Kwa watoto, usihesabu chochote kabla ya kuuliza. Kwa miaka kadhaa Chama cha Kisukari Tanzania na washirika wake wamekuwa wakifikisha insulini bila malipo kwa watoto na vijana kupitia kliniki maalumu. Mzazi aliyeanza kuuza ng'ombe ili anunue insulini ya mtoto aulize kwanza hospitali ya mkoa au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza namna ya kuandikishwa.

Utibiwe wapi

Kuna njia nne: duka la dawa bila daktari, zahanati au kituo cha afya cha hapa hapa, hospitali ya mkoa Geita, na hospitali kubwa, yaani Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato au Bugando jijini Mwanza.

Duka la dawa ndilo linaloshinda kwa haraka, nusu saa haijafika umeshaondoka. Hasara yake ni kwamba hakuna anayekuangalia presha, macho wala miguu, na dozi ya mwaka juzi inaendelea mpaka leo. Kituo cha afya kinakula asubuhi yako moja kwa mwezi, au mara moja kwa miezi 2 au 3 kama hali imetulia na dawa ipo ya kutosha kupewa. Uliza siku ya kliniki ya kisukari na presha, kwani vituo vingi hutenga siku. Siku hiyo mnaonwa na mtu anayewajua, na ukipangilia na mwenzako wa meza ya jirani anaweza kukushikia biashara.

Kwenda Geita mjini kila mwezi kwa dawa ambazo zipo Katoro ni kupoteza nauli. Hata ukipanda michomoko, yale magari madogo yanayokimbia, siku imekatika. Safari hiyo iweke mara moja kwa mwaka kwa mambo ambayo huku hayafanyiki vizuri: kupimwa macho ndani kabisa kwa kutanua mboni, damu ya figo, mafuta kwenye damu. Bugando ni ya kidonda kisichopona, macho yaliyoanza kuvuja damu, au figo. Tangu Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena, na wengine wameanza kukimbilia Mwanza kwa kila kitu. Nenda na barua ya rufaa. Bila hiyo, mwenye bima anaweza kujikuta analipa kutoka mfukoni.

Kuna haki moja ambayo haisemwi vya kutosha. Mwongozo wa misamaha ya matibabu, uliokuwepo tangu uchangiaji ulipoanza miaka ya 1990, unawataja wenye magonjwa sugu, kisukari kikiwemo, pamoja na wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi. Katika utekelezaji mgonjwa huambiwa dawa zimeisha, nenda kanunue nje, na msamaha unaishia hapo. Hata hivyo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo, andikishwa, na siku dawa ikiwepo utaipata. Kuhusu bima, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Ukiulizia kifurushi, usiridhike kusikia kwamba "kisukari kimo". Uliza kama vijiti vya kupimia vimo, kama insulini ya aina yako imo, na ni vituo gani vya Katoro na Buseresere vinaipokea kadi hiyo.

Chakula cha kawaida kinatosha

Sijaona sababu ya mtu wa Kanda ya Ziwa kununua unga wa pakiti ulioandikwa kwamba ni wa wagonjwa wa kisukari. Dona inashinda sembe, na mara nyingi haizidi bei yake. Dagaa, maharage, mgagani, mlenda na matembele vinashibisha bila kupandisha sukari kwa kasi. Michembe na ugali wa muhogo havikatazwi, ila ni wanga mtupu. Vinapimwa kama wali. Kwa mama ntilie sema hivi: "Dada, nipunguzie wali, uniongezee maharage na mboga." Bei ni ile ile, sahani imebadilika.

Pesa halisi ya kuokoa iko kwenye vinywaji. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa zamu za usiku haviko mbali. Aliyekuwa akinywa soda 2 kwa siku akihamia maji amepata hela ya dawa bila kuchangiwa na mtu. Lakini soda moja ya kawaida ibaki kwenye begi la kila anayetumia insulini au "zile ndogo": akianza kutetemeka anywe nusu ya chupa, au vijiko 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, arudie kama hajapata nafuu, kisha ale.

Miguu

Katika eneo la machimbo sehemu hii ndiyo inayogharimu kuliko zote. Sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu anasema "miguu ina ganzi" au "natembea kama nakanyaga pamba", kisha haisemi tena kwa sababu haimuumi. Sasa mwingize huyo kwenye buti la mpira lenye maji, siku nzima, na kokoto moja ndani. Jioni akivua anakuta soksi ina damu na hajui imetoka wapi. Wiki 2 baadaye kidole ni cheusi.

Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu nayo huumiza neva na figo. Mwenye kisukari anayechoma zebaki kwenye sufuria nyuma ya nyumba anapigwa pande mbili mahali pale pale.

Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kufundisha wahudumu wa afya kuhusu mguu wa kisukari kupitia mpango wa Step by Step, na fundisho lake kubwa ni kwamba vidonda vingi na ukataji mwingi wa miguu huzuilika kwa vitu vya bei ndogo. Linganisha mwenyewe. Upande mmoja: jozi 2 za soksi za pamba, beseni la maji yasiyo moto, taulo la kukaushia katikati ya vidole, mafuta ya kulainisha visigino, na kioo kidogo cha kutazamia nyayo kila jioni. Upande wa pili: kusafishwa kidonda kila siku kwa miezi, antibiotiki, kulazwa Bugando na ndugu wa kukuuguza akiwa ameacha shughuli zake, na mwisho mguu. Mchimbaji bila mguu hana duara. Kwenye hili usibane hata shilingi. Kung'uta buti kabla ya kuvaa, usikate sugu kwa wembe, usiote miguu kwenye jiko la mkaa, na malengelenge yoyote yapelekwe kituoni siku hiyo hiyo, kwani kidonda cha siku moja ni cha bei ya bandeji.



Chupa za mnadani

Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kwamba kinatibu. Gharama ilikuwa nauli, siku njiani, na dawa ambazo wengi waliziacha nyumbani wakiamini wamepona. Leo hakuna haja ya kusafiri, spika ya mnada inakufuata.

Ninachokihofia zaidi ni vidonge na unga wa nguvu za kiume. Kisukari hupunguza nguvu hizo, jambo ambalo wanaume hawamwambii daktari, wanamwambia muuza chupa. Singapore mwaka 2008 vidonge vya namna hiyo vilikutwa vimechanganywa na glibenklamaidi kwa siri: watu wapatao 150 walilazwa kwa sukari kushuka na 4 wakafa. Baba, mwambie daktari. Tatizo hilo lina matibabu, na kusikia habari zake kunampa dalili kwamba mishipa yako inahitaji kuangaliwa.

Wenye maduara, wenye karasha na viongozi wa soko, nanyi mna sehemu yenu, na haiwagharimu kitu. Mruhusuni mwenye kadi ya kliniki aende siku yake bila kukatwa ujira. Wekeni kilo moja ya sukari na maji safi mahali ambapo kila mtu anapajua. Na kijana akianguka asubuhi huku anatoka jasho, kabla ya kumwita mlevi, muulizeni kama amemeza dawa ya sukari na kama amekula. Akiweza kumeza mpeni maji ya sukari. Akiwa amezimia msimwagie kitu mdomoni, mlazeni ubavu na mkimbizeni kituo cha afya.